Bili ya maji imepanda mtaa mzima, diwani anasema baraza halina meno. Nani hasa anasimamia?

#1 Mwanandoo

Wakuu salaam. Naomba mnisaidie kuelewa jambo, maana nimezungushwa hadi nimechoka.

Mji wetu hauna chanzo chake cha maji. Mtambo wa kusafisha ni wa jiji la jirani. Wao wanatuuzia kwa jumla kupitia bomba kuu moja, halafu idara ya maji ya manispaa yetu inasambaza mitaani na kutoa bili. Nyumbani tuko watu 5, miaka yote natumia uniti 14 hadi 16 kwa mwezi. Mwezi uliopita imekuja 41. Nikadhani ni mimi tu, kumbe jirani wa kulia 38, wa mbele 44, na yule bibi anayeishi peke yake 19!

Nimeenda dirishani, nikaambiwa "jiji limepeleka maji mengi mwezi huu". Nimeenda kwa diwani, akasema baraza halina meno kwenye bili, nenda kwa idara. Idara wakasema bei na kiasi vinatoka jijini. Jijini wakaniambia wewe si mteja wetu.

Sasa mimi ni mteja wa nani? Na hili baraza la madiwani kazi yake kwenye maji ni kukata utepe?

#2 Simtanki

Nimekaa siti ya mbele. Ngoja waje wajuzi.

#3 Msoma Mita Mstaafu

Mleta uzi, kabla hatujafika kwa madiwani tuanze na mita yenyewe. Nimesoma mita miaka 19, nimefukuzwa na mbwa wa kila rangi.

Kwanza, angalia kwenye ankara usomaji wa sasa na uliopita. Mita nyingi zina tarakimu nyeusi na nyekundu. Nyeusi ndizo uniti kamili, nyekundu ni vipande vya uniti. Kijana mgeni kazini akiandika na ile nyekundu ya kwanza, 412 inakuwa 4126, lakini hapo bili ingekuletea maelfu, si 41. Kwa hiyo hilo tunalitoa.

Pili, miezi miwili mitatu iliyopita bili zako zilikuwa za kusomwa au za kukadiriwa? Kwenye ankara huwa kuna alama, mara nyingi herufi moja tu pembeni ambayo hakuna anayeiangalia. Msomaji akikosa kufika, mashine inaweka wastani. Siku akifika kweli, deni lote la uniti linaangukia mwezi mmoja.

#4 Koki Mbovu

Choo hicho. Watu wanahangaika na madiwani wakati kiboya cha tangi la choo kimekwama, maji yanapita kimyakimya usiku kucha. Choo kimoja kinachovuja kinaweza kumeza mamia ya lita kwa siku na usisikie hata sauti.

Funga koki zote usiku, nenda kwenye mita na tochi. Kuna kinyota kidogo kinachozunguka. Kikitembea ilhali koki zote zimefungwa, unavuja baada ya mita, na hiyo ni juu yako.

#5 Mwanandoo

@Koki Mbovu nimefanya hicho kipimo jana usiku. Kinyota kimetulia tuli. Halafu mtaa mzima tuvuje choo mwezi mmoja? Labda tumerogwa vyoo.

@Mzee Mstaafu, nimezipata bili za nyuma. Zote tatu zina "K" ndogo chini kabisa. Nilidhani ni kodi.

#6 Msoma Mita Mstaafu

Hiyo K ni kadirio. Tumeshapata mwizi wa kwanza.

#7 Bi Hesabu

Msishangilie mapema, ndugu zangu. Kadirio lingekuwa la chini sana hapo nyuma ndipo lije kufidia sasa, lakini mleta uzi anasema miaka yote alikuwa analipishwa 14 hadi 16. Kama alilipia 15 kila mwezi na alitumia 15, hakuna deni la kufidia. Labda makadirio yalikuwa madogo kuliko kawaida. Mwanandoo, hizo K tatu ziliandika uniti ngapi?

Nauliza kwa sababu kuna jambo watu hawaliangalii. Bei za maji kwa ngazi zinakuumiza hata kama uniti ni zilezile. Chukueni mfano wa bei isiyo na jina: uniti 5 za kwanza kila moja pointi 1, 10 zinazofuata pointi 2, kuanzia ya 16 pointi 3.

Mtu anayetumia 15 kila mwezi kwa miezi mitatu analipa 25 mara 3, jumla 75.

Mtu huyohuyo akikadiriwa 2, kisha 2, kisha akaletewa 41 mara moja: 2 + 2 + 103, jumla 107.

Uniti 45 zilezile. Hizo pointi 32 za ziada hakunywa mtu, zimezaliwa na uvivu wa kusoma mita. Hapo ndipo ningemtaka diwani aulize: mnapofidia makadirio, mnazigawanya uniti kwenye miezi yake au mnazitupa kwenye ngazi ya juu?

#8 Mwanandoo

Zimeandika 15, 9, 9. Sijui kwa nini 9.

#9 Bi Hesabu

Basi ulidaiwa 12 za nyuma (6 + 6). 41 toa 12 inabaki 29. Toa 15 zako za kawaida, bado 14 hazina baba.

#10 Kichwa Juu

Hazina baba? Baba yao ni HEWA. Maji yenu si ya mgao? Siku yanapofunguliwa, kabla ya maji inatoka hewa, mita inazunguka kama feni. Mnalipia upepo wakuu. Nimeshasema humu mara ngapi mnanicheka.

#11 Fundi Bomba

Kichwa Juu, jambo ni la kweli ila umelipuliza kupita kiasi. Mita ya kawaida ya kuzunguka haijui tofauti ya hewa na maji, hilo nakubali. Tupige hesabu basi, wala si ngumu.

Bomba la mtaa la kipenyo cha milimita 100, urefu mita 100, likikauka kabisa linabeba hewa ya lita 785 hivi. Wakiwa wateja 20 kwenye bomba hilo na hewa ikagawanyika sawa, kila mmoja anapata lita 39. Mgao mara mbili kwa wiki ni kama mara 9 kwa mwezi, sawa na lita 350. Uniti moja ni lita 1,000, kwa hiyo hata nusu uniti haifiki.

#12 Kichwa Juu

"Ikagawanyika sawa." Nani kakwambia hewa inagawanyika sawa? Hewa inapanda. Aliye mwisho wa bomba, juu mlimani, ndiye anakula hewa ya wenzake wote. 785 mara 9 ni lita 7,000 na ushee. UNITI SABA. Mwanandoo, unakaa wapi kwenye bomba?

#13 Mwanandoo

...juu mlimani, nyumba ya pili kutoka mwisho. Ila mgao huu tuna miaka mingi, na bili ilikuwa 15.

#14 Fundi Bomba

@Kichwa Juu umenipiga bao kwa hesabu yangu mwenyewe, heshima yako. Lakini kwenye kilele cha bomba panatakiwa valvu ya kutoa hewa. Kama ipo na inafanya kazi, hewa inatokea pale, haiji kwa mita ya mtu. Mwanandoo, mwisho wa mtaa kuna kishimo chenye mfuniko wa chuma?

#15 Mwanandoo

Kishimo kipo. Mfuniko uliibiwa, ndani kuna takataka, na chini yake kitu kama kikombe cha chuma kilichopinduliwa. Sikujua kama kina kazi.

#16 Fundi Bomba

Hicho kikombe ndicho valvu yenyewe. Kama kimejaa matope, hakitoi kitu.

Swali jingine: hicho kipimo cha kinyota ulikifanya siku ya maji au siku kavu?

#17 Mwanandoo

Jana haikuwa zamu yetu... Aisee.

#18 Koki Mbovu

😂😂😂 Kinyota kitazunguka vipi na bomba ni kavu? Uzi umejaa mpaka Fundi anatafuta hewa mlimani, kumbe kipimo chenyewe hakikufanyika! Nasisitiza: CHOO.

#19 Diwani Mstaafu

Nimesoma kimya, sasa naingia. Nilikaa barazani vipindi viwili, kamati ya huduma za jamii. Mleta uzi ameuliza nani anasimamia, nanyi mmezama bombani.

Kwenye mfumo kama huo wa kwenu kuna mita ambayo mwananchi haioni kamwe: mita kuu, pale bomba la jiji linapoingia kwenu. Mita hiyo ndiyo jiji linalipishia manispaa. Manispaa nayo inajumlisha mita zenu zote. Namba ya kwanza ukitoa ya pili unapata maji yaliyonunuliwa yasiyolipiwa na mtu: yamevuja njiani, yameibwa, au mita za majumbani ni kongwe na hazihesabu yote. Hiyo tofauti ndiyo roho ya usimamizi. Diwani akijua namba hiyo moja kila mwezi, hahitaji kuwa mhandisi.

Sisi tulikuwa tunapewa kabrasha la kurasa 140 asubuhi ya kikao. Tofauti hiyo ilikuwa ukurasa wa 97, robo mwaka imeshapita, kwa asilimia tu bila uniti. Siku moja niliuliza uniti zenyewe ni ngapi. Mwenyekiti akasema swali liandikwe, lijibiwe kikao kijacho. Kikao kijacho ajenda ilikuwa ndefu.

Kwa hiyo diwani wenu anaposema baraza halina meno, si kweli. Meno yapo. Bajeti ya idara inapita kwake, na mkataba wa kununua maji kwa jumla kuna siku uliletwa barazani. Muulizeni aliusoma?

#20 Mkata Kamba

Mheshimiwa mstaafu, vipindi viwili ni miaka mingi, na swali uliuliza mara moja? Hizo kurasa 96 za kabla ya hapo zilikuwa za posho?

#21 Diwani Mstaafu

Kijana, nimekubali. Ndiyo maana ni mstaafu.

#22 Wakili wa Kibarazani

Tatizo ni kofia. Manispaa hapo imevaa tatu: ni mmiliki wa mabomba, ni mwendeshaji anayetoa bili, na ni msimamizi anayepokea malalamiko juu ya bili hiyohiyo. Utajishitakije kwako mwenyewe? Uingereza, kwa upande wa England na Wales, walitenganisha: kampuni za maji zilibinafsishwa 1989 na akawekwa msimamizi wa kiuchumi aliye nje, Ofwat. Kupandisha bei lazima upite kwake. Na tangu sheria ya 1999 ni marufuku kumkatia maji mkazi wa nyumba kwa sababu ya deni. Anadaiwa kwa njia nyingine, koki haifungwi.

#23 Mkata Kamba

Na mito yao imejaa majitaka hadi leo na wananchi wanaandamana. Msimamizi wa nje naye anaweza kusinzia, wakili.

#24 Mpakani

Kisa cha mleta uzi kina ndugu yake Marekani: Detroit. Mtambo ulikuwa wa jiji la Detroit, vitongoji na miji ya pembeni ikawa inanunua kwa jumla. Miaka na miaka ugomvi ni uleule: wa pembeni wanasema tunakamuliwa na hatuna kura, Detroit inasema sisi ndio tuliojenga.

Jiji lilipoomba kulindwa na mahakama kwa kufilisika 2013, wakalazimika kukaa mezani. Ikaundwa mamlaka ya pamoja, Great Lakes Water Authority, ikaanza kazi 1 Januari 2016. Bodi ina watu 6: wawili wa Detroit, mmoja mmoja wa kaunti tatu, na mmoja wa gavana kwa niaba ya wateja wengine. Uamuzi wa bei unahitaji kura 5. Maana yake Detroit peke yake haiwezi kuwapandishia, wala wengine hawawezi kuibana Detroit bila angalau mtu wake mmoja kukubali. Detroit inabaki mmiliki na inalipwa kodi ya pango dola milioni 50 kwa mwaka, mkataba wa miaka 40.

Hicho ndicho mnachokosa huko kwenu, Mwanandoo. Mji wako ni mteja, unapaswa kuwa mbia.

#25 Tone kwa Tone

Nyongeza kwa Mpakani: hapohapo jirani kuna Flint. Madiwani wao walitaka kuokoa hela, wakaacha maji ya Detroit mwaka 2014, wakaanza kunywesha watu maji ya mto. Madini ya risasi yakaingia kwenye maji. Ukiwapa madiwani maji, ndiyo matokeo.

#26 Mpakani

@Tone kwa Tone hapana, hapo umegeuza. Flint wakati huo ilikuwa chini ya meneja wa dharura aliyewekwa na gavana, madaraka ya baraza yalikuwa mikononi mwake. Baraza lilipiga kura 7 kwa 1 mwaka 2013 kujiunga na bomba jipya kutoka Ziwa Huron, si kunywa mto. Mto ulikuja kama suluhisho la muda, na maji yake hayakuwekewa dawa ya kuzuia kutu, ndipo risasi ikabanduka kwenye mabomba. Machi 2015 baraza likapiga tena kura, 7 kwa 1, kurudi kwenye maji ya Detroit. Meneja wa dharura akakataa. Walirudi Oktoba.

Muda wote huo watu wanatumiwa bili ya maji yasiyonyweka.

#27 Tone kwa Tone

Nimesahihishwa, shukrani. Ila bado sijaona baraza lililowahi kusaidia kabla ya maafa.

#28 Wakili wa Kibarazani

Paris. 2010 walirudisha maji mikononi mwa jiji kutoka kwa kampuni binafsi, bodi ikiwa na madiwani, wafanyakazi na wawakilishi wa watumiaji. Mwaka uliofuata bei ikashushwa asilimia 8.

#29 Mkata Kamba

Dakika tano zilizopita ulikuwa unataka msimamizi wa nje, sasa unataka madiwani ndani ya bodi. Wakili, unatetea upande gani?

#30 Wakili wa Kibarazani

Anayenilipa.

#31 Mhandisi Kivuli

Nyote mnazungumzia nani akae mezani. Phnom Penh, Kambodia, waliondoa wanasiasa mezani. 1993 maji yao asilimia 72 yalikuwa yanapotea au kuibwa. Akawekwa mkurugenzi, Ek Sonn Chan. Akaanza na mita kila nyumba, orodha mpya ya wateja, na kuwakatia vigogo wasiolipa. Amesimulia mwenyewe jinsi jenerali mmoja alivyomwelekezea bastola alipokwenda kukata. Upotevu ulikuja kushuka hadi karibu asilimia 6. Kilichomwezesha ni kupewa uhuru wa kuendesha shirika bila kupigiwa simu.

Diwani akishapata nguvu juu ya bili, wa kwanza kusamehewa ni shemeji yake.

#32 Diwani Mstaafu

Mhandisi, uhuru huo alipewa na nani kama si serikali iliyoamua kumsimamia kwa matokeo? Na mkurugenzi akiwa si Ek Sonn Chan, akiwa ni huyu wetu wa "swali liandikwe", uhuru huo ataufanyia nini?

#33 Mama Wapangaji

Habari zenu wanaukumbi. Ninyi mna mita zenu mnalia. Mimi nina nyumba ya vyumba, kaya 8, mita moja. Hizo ngazi za Bi Hesabu ndizo zinazotumaliza. Kaya moja ikitumia uniti 8 iko ngazi ya kati. Kaya nane kwenye mita moja tunafika 64, tunahesabiwa kama tajiri mwenye bwawa la kuogelea! Maskini wanaotumia mita moja ndio wanaolipa bei ya juu. Nilipeleka barua idarani kuomba ngazi zizidishwe mara 8, nikaambiwa mfumo unatambua mita, hautambui watu.

Na ugomvi wa ndani sijausema. Chumba cha 3 ana mtoto mchanga, chumba cha 6 anafua nguo za watu kwa siri usiku.

#34 Wakili wa Kibarazani

Mama, jambo lako limefika mahakama ya juu kabisa kwingine. Afrika Kusini, kesi ya Lindiwe Mazibuko na wenzake wa Phiri, Soweto, dhidi ya jiji la Johannesburg, 2009. Jiji lilitoa lita 6,000 za bure kwa mwezi kwa kila kiwanja, kwa hesabu ya lita 25 kwa mtu kwa siku, watu 8. Kiwanja cha Mazibuko kilikuwa na watu 20. Mahakama za chini zilimpa ushindi, Mahakama ya Katiba ikasema sera ya jiji ni ya busara, jiji linaweza kuhesabu kwa kiwanja.

#35 Bi Hesabu

6,000 gawa 30, gawa 20: lita 10 kwa mtu kwa siku. Ndoo nusu. Busara ya nani?

@Mama Wapangaji, nunua vimita vidogo vya ndani uweke kila chumba. Havitabadilisha ngazi za idara lakini vitamaliza kesi ya chumba cha 6.

#36 Mama Wapangaji

Chumba cha 6 ni mdogo wangu. Acha tu.

#37 Mwanandoo

Wakuu nimerudi na mrejesho, ni mrefu kidogo.

Jana ilikuwa zamu ya maji. Saa 5 usiku nimefunga koki zote, hadi ya choo, nikaenda na tochi. Kinyota hakizunguki, ila kinatikisika: robo mbele, robo nyuma, kama mtu anayesinzia. Nimekaa dakika 20 mbu wakinila.

Asubuhi nikaenda idarani na wenzangu wanne wa mtaa, tumebeba bili za miezi sita na picha za mita. Yule dada wa dirishani akatupeleka kwa mkubwa wake. Mkubwa akabofya bofya, akasema nitapunguziwa uniti 9. Nikauliza kwa nini 9 na si 12 au 26. Akasema mfumo ndio umekubali 9. Wenzangu wanne wameambiwa wasubiri.

Nikauliza ile namba ya Diwani Mstaafu, mita kuu imesomaje mwezi ule na jumla ya mita zetu ni ngapi. Akanitazama kama nimemuuliza umri wa mke wake. Akasema hiyo ni ya ndani. Tukiwa tunatoka, mlinzi pale getini akatuambia kwa sauti ya chini kuwa mita kuu "ilikufa" tangu kipindi kile cha mvua, jiji linakadiria.

#38 Diwani Mstaafu

Kama mlinzi yuko sahihi, mambo yanajipanga. Jiji linakadiria juu, manispaa inalipa, pengo limekuwa kubwa, mtu akaamua kulisambaza kwa wateja. Nimeona kitu kama hicho.

#39 Msoma Mita Mstaafu

Mheshimiwa, polepole. Kulisambaza vipi? Bili ya Mwanandoo mwezi huu haina K, imesomwa. Ukishaandika usomaji wa uongo, mwezi ujao mita itakuumbua, usomaji wa sasa utakuwa mdogo kuliko uliopita. Mwanandoo, mita yako leo inasoma ngapi, na ankara iliandika ngapi?

#40 Mwanandoo

Mita leo 97. Ankara iliandika 89, wiki mbili zilizopita.

#41 Msoma Mita Mstaafu

Umetumia 8 kwa wiki mbili, ndiyo 16 zako za mwezi. Kwa hiyo 89 ni usomaji wa kweli na pengo halijasambazwa kwako. Uniti hizo zilipita kwenye mita, lini na kwa nini ndilo swali. Hivi mmebadilishiwa mita karibuni?

#42 Mwanandoo

Miezi mitano iliyopita, mtaa mzima. Tuliambiwa ni bure.

#43 Msoma Mita Mstaafu

Ungesema tangu mwanzo! Mita kuukuu huwa nzito, inapitisha maji machache bila kuhesabu. Labda miaka yote hukutumia 15, ulitumia 20 na zaidi.

#44 Bi Hesabu

Mzee, inakatana na #41. Mita mpya leo inasema 16 kwa mwezi. Kama ya zamani ilikuwa inapunja, mpya ingesoma zaidi ya hapo.

#45 Msoma Mita Mstaafu

...Nimenaswa. Usomaji wa kuanzia wa mita mpya basi. Wakati wa kufunga walijaza fomu? Mita mpya haianzi sifuri daima. Wakiandika sifuri na ilikuwa na uniti za majaribio ndani, zinaangukia kwako.

#46 Kichwa Juu

Na kule kutikisika kwa kinyota mbele na nyuma hamjaniuliza. Ni HEWA iliyonaswa mlimani inavuta na kusukuma. Mita ikienda mbele inahesabu, ikirudi je, inapunguza?

#47 Fundi Bomba

Inategemea mita. Nyingine zinarudi nyuma, nyingine zina kizuizi cha kurudi hazirudi kabisa. Zilizobadilishwa miezi mitano iliyopita huenda ndizo za aina hiyo. Sitaki kukubaliana na Kichwa Juu mara mbili kwenye uzi mmoja, ila piga picha ya uso wa mita na ubavu wake, kuna mshale.

#48 Koki Mbovu

Bibi anayeishi peke yake na uniti 19 mmemuacha wapi? Mtu mmoja lita zaidi ya 600 kwa siku. Mkaangalie choo chake.

#49 Mwanandoo

Tumeshaangalia jana, choo cha bibi ni cha shimo. Hakina tangi.

#50 Koki Mbovu

Natoka kwenye uzi huu kwa heshima.

#51 Mpakani

Mwanandoo, andikeni barua ya mtaa, watu wengi mtie saini, ombeni vitu viwili tu: usomaji wa mita kuu kwa miezi 6 na fomu za kufunga mita mpya. Nakala kwa diwani, kwa mkaguzi wa ndani na kule jijini. Barua yenye nakala tatu inajibiwa haraka kuliko maneno ya dirishani.

#52 Mkata Kamba

Na nakala ya nne kwa mlinzi. Ndiye pekee aliyewapa taarifa.

#53 Mwanandoo

Barua tunaiandika Jumamosi, diwani amesema atakuja "kama ratiba itaruhusu". Picha ya mshale nitaweka kukicha. Shukrani wote.

#54 Simtanki

Wakuu samahani, nje ya mada kidogo. Nilikuwa nasoma tu kwa burudani, nikasema nijaribu kile kipimo. Saa 7 usiku hii, nimefunga koki zote, maji yapo bombani, na kinyota changu kinazunguka mfululizo hakisimami. Stopukoki ya kufunga maji ya nyumba nzima imefunikwa na saruji ya mafundi. Nifanyeje?

#55 Fundi Bomba

Umefunga na koki ya nje ya bustani?

#56 Simtanki

Nyumba hii haina bustani.

#57 Koki Mbovu

Nimerudi.